Kile Alichokisukuma Pomboo

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kukimbia kutoka pwani ya Fumba hadi mlangoni kwa mjomba, nikipiga kelele kwamba baba amefika. Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa. Sikusema uongo. Nilisema nilichokiona, na nilichokiona nilikitazama vizuri, kwa kuwa tangu udogo wangu mimi ni mtu wa kutazama mara mbili na tatu kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana kosa lile halijaniachia. Ningekosea kwa haraka, labda ningejisamehe kwa haraka. Lakini nilikosea baada ya kuhakikisha.

Wiki iliyopita nilitumwa na ofisi kupeleka bahasha Malindi, mtaa wa bandarini hapa mjini. Kazi yangu ni kupiga taipu. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwenye mashine mbovu iliyokuwa imetupwa kona ya chumba, na hata leo nikikosea herufi moja mwisho wa ukurasa huutoa ukurasa mzima nikaanza upya, jambo linalomchekesha kila mtu pale ofisini isipokuwa yule anayetunza karatasi. Basi nilipofika karibu na pale vyombo vinapopandishwa juu kutengenezwa, upepo ukaniletea harufu ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa mbao za vyombo zisiingize maji. Ni harufu mbaya, inashika nguo, inashika nywele. Nikasimama na bahasha mkononi kama mtu aliyeitwa jina.

Baba alikuwa kalafati. Kazi yake ilikuwa kushindilia pamba iliyoloweshwa mafuta kwenye nyufa za mbao, kwa patasi butu na nyundo ya mti, tangu asubuhi mpaka mikono inamtetemeka. Akirudi nyumbani, harufu hutangulia. Nilikuwa nikiisikia kabla sijasikia viatu vyake uchochoroni, na nikigeuka, ndiye. Mama alikuwa akimwambia akaoge kwanza kabla hajagusa kitu.

"Bi Zuhura," baba humjibu, "harufu hii hii ndiyo iliyopika chai unayokunywa."

"Basi ndiyo maana chai yenyewe haina ladha," mama husema, na wote wawili hucheka.

Mwaka ule wa Mapinduzi, miezi michache baadaye, baba aliondoka na wenzake wawili kwa mashua kwenda kutengeneza chombo cha mtu Dar es Salaam. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, na alikuwa bado amevaa kanzu. Mashua ilikutwa imepinduka upande wa nje wa kisiwa cha Chumbe. Mwenzake mmoja aliokotwa, amekwisha kufa. Baba na yule wa tatu hawakuonekana, wazima wala maiti.

Siku zile watu wengi walikuwa wakiondoka bila ya kuaga. Unaamka, nyumba ya jirani imefungwa, na hakuna anayeuliza kwa sauti. Kwa hiyo mlangoni kwetu ziliingia habari mbili. Waliotupenda walisema kazama, Mungu amrehemu. Wengine walisema, kwa kuinama sikioni, kwamba kalafati hodari namna ile hazami kirahisi, na kwamba mtu anayetaka kuvuka kwenda Mombasa huweza kuipindua mashua mwenyewe ili asitafutwe. Mama alizisikiliza zote mbili akiwa ameshika sinia la chai, akizikaribisha kama wageni sawasawa.

Alikwenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza kwa upole akamwambia kwamba mume aliyepotea bila ya habari ya kufa bado ni mume. Asubiri. Ikija habari ya hakika, atakaa eda kama mjane yeyote. Isipokuja, miaka ikipita, arudi. Basi mama akarudi nyumbani na hali isiyo na jina. Hakuweza kukaa eda, kwani eda ya nani? Hakuweza kwenda harusini akicheka, maana wangemwangalia. Bangili zake mbili za fedha, alizovishwa na baba, aliendelea kuzivaa, kwa sababu kuzivua ni kumwua baba kwa mkono wake mwenyewe. Lakini nilimwona akizisukuma juu ya kiwiko chini ya kanga, zisilie.

Kodi ilipotushinda tulihamia Fumba kwa kaka yake, Mjomba Haji, aliyekuwa mvuvi wa papa.

Wenzangu niliosoma nao mjini hawakuwahi kuona pomboo ila kwa mbali. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amelala ndani ya mashua ya mjomba, juu ya kamba, amechomwa chusa, ule mkuki wa kuvulia. Waliwavua kwa ajili ya chambo. Nyama yake ni nyeusi, ina damu nyingi, na papa huinusa kutoka mbali. Nilidhani ni samaki mkubwa. Nikatafuta magamba, hana. Nikatafuta mashavu pale samaki wanapopumulia, hana pia; ngozi laini tupu kama kiatu kilicholowa. Kisha Makame, baharia wa mjomba, mtu mwembamba asiyeweza kunyamaza, akampasua tumbo, na maji ya chini ya mashua yakageuka meupe.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Maziwa," alisema mjomba. Hakuniangalia.

"Samaki ana maziwa?"

"Nani kakwambia samaki? Huyu anazaa, ananyonyesha, na mtoto humfuata mama yake mwaka na zaidi, ubavuni hapa. Kama wewe na mama yako."

"Basi ni mbuzi wa baharini!" Makame akadakia. "Haji, umekosea. Ulitakiwa umchinje kwa bismillahi, umwelekeze kibla. Sasa papa wetu wote leo watakula haramu."

Walicheka. Mimi nilikuwa nikitazama maziwa yakichanganyika na damu na maji ya chumvi, yanakwenda huku na huku kadiri mashua inavyoyumba. Nilitaka kuuliza mtoto wake yuko wapi. Sikuuliza. Nilikuwa mtoto anayejua maswali gani yatajibiwa.

Mjomba alinionesha tundu lililo juu ya utosi wa pomboo, lenye kifuniko cha nyama. Pale ndipo anapopumulia, aliniambia; ni pumzi kama yetu, mapafu kama yetu. Halafu akaongeza jambo ambalo hakujua lilikuwa likifanya nini kichwani mwangu. Alisema sisi tunapumua hata tukilala fofofo, lakini pomboo kila pumzi ni lazima aikusudie. Akisahau, anakufa. Ndiyo maana hawezi kulala usingizi wa moja kwa moja. Huelea polepole, jicho moja limefumba, la pili linatazama.

Baadaye, nilipojifundisha kusoma Kiingereza kwa kitabu cha wanyama wa baharini, kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni Darajani, nilikuta mjomba alikuwa amesema kweli. Lakini wakati ule ilinitia hofu tupu. Nikaanza kuikusudia pumzi yangu. Nikilala kwenye mkeka nilivuta, nikatoa, nikavuta, nikiogopa kwamba usingizi ukinichukua nitasahau, na mama atabaki na mtu mwingine wa kumsubiri. Yeye mwenyewe hakulala. Nikifumbua macho, alikuwa amekaa ameegemea ukuta, na kila mara nilihesabu kwamba tumebaki wawili tunaopumua kwa kukusudia katika nyumba ile.

Tatu, binti yake mjomba, alikuwa amenizidi umri kwa miaka mitatu na ujuzi kwa yote. Aliniita Mtoto wa Mjini, hata mbele ya wageni. Siku moja tulikuwa juu ya majabali, maji yamejaa, tukiwatazama pomboo wenye nundu mgongoni, wale wanaopenda maji ya karibu na mikoko, wakizama na kutokea.

"Hawa hawali watu," alisema Tatu. "Mtu akizama wanamsukuma kwa pua mpaka pwani."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua. Nyinyi huko mjini mnafunzwa nini? Babu yake Makame alisukumwa. Alikuwa keshakunywa maji, tumbo hivi, pomboo akamsukuma, akamsukuma, mpaka akamweka kwenye mchanga kama mzigo wa kuni."

"Na aliyekwisha kufa?"

Tatu alinitazama. Nadhani alijua nauliza nini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na dhihaka. "Wanamleta tu," alisema. "Wao hawajui kama amekufa."

Kuanzia hapo nikawa na kazi. Kila siku baada ya chuo cha Kurani nilikwenda juu ya jabali lile lile, mguu wa kulia ukiwa kwenye shimo lile lile. Nilijiwekea masharti: nisigeuke kabla sijawaona wote wametokea tena. Wakizama watano, lazima niwaone watano; mmoja asipotokea nilibaki pale hata kama naitwa kula. Niliamini kwamba baba angeletwa siku ile hasa ambayo sikutazama, akafikishwa pwani, asimkute mtu, akarudishwa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa bahari: kama ofisi. Nilianza kuwajua. Mmoja alikuwa jike, pezi lake la mgongoni limemeguka kwa nyuma kama sikio la kikombe kilichoanguka. Alikuwa akijitenga na wenzake, mzito, akipumua kwa sauti. Nilidhani anaumwa. Sikujua kwamba alikuwa na mimba.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, maji ya kijivu. Jike yule alitokea peke yake, karibu kuliko kawaida, na mbele ya pua yake palikuwa na kitu. Akakisukuma juu, kikaonekana, kirefu, cheupe. Kikazama. Akakifuata chini, akakileta tena. Wenzake walikuwa nyuma yake wakienda polepole.

Sikukimbia. Nataka hilo lijulikane. Nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikapima kwa kidole gumba kama baba alivyokuwa akipima mbao. Nikasubiri mpaka kitu kile kitokee mara ya tatu. Kilikuwa cheupe kama kanzu. Kilikuwa kimelegea kama mtu aliyelala anayebebwa kitandani. Na kilikuwa kikisukumwa kwa pua, kuja pwani, kama nilivyoambiwa. Nilipokwisha kuwa na hakika, ndipo nilipokimbia.

"Baba kafika! Mama! Baba kafika, analetwa!"

Mama alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika uwanja mzima, na kuku wakaja. Hakuniuliza kitu. Nilifikiri atauliza wapi, nani kasema, umeona vizuri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali yote. Alipita mbele yangu akikimbia miguu mitupu, na wanawake wa jirani waliosikia wakatoka nyuma yake, mmoja akisema "Inna lillahi" kwa sauti kubwa, mwingine akirudi ndani kuchukua shuka. Mimi nilikuwa ubavuni mwa mama. Ndipo nilipoona anachokifanya. Alikuwa akivua bangili huku anakimbia. Zilikuwa zimembana, akazivuta moja baada ya nyingine juu ya mfupa wa mkono, ngozi ikachubuka, akazivua. Mjane huvua mapambo. Alikuwa amekwisha anza eda njiani.

Sasa najua kwamba maiti haikai baharini miezi na kanzu yake. Mama alijua siku ile ile. Mtu mzima yeyote aliyekimbia nasi alijua. Lakini walikimbia.

Tulifika pwani. Mjomba Haji na Makame walikuwa wakishughulika na ngalawa; waliposikia kelele waliisukuma majini, wakapiga kasia. Sisi tulisimama. Niliona ngalawa inafika karibu, niliona pomboo hakimbii, anazunguka tu, na Makame anainama kutazama. Akabaki ameinama muda mrefu kwa mtu kama yeye. Kisha akageuka akaita:

"Mtoto wake! Ni mtoto wake, kafa!"

Mwanamke mwenye shuka akalikunja polepole, kama mtu aliyelianika likakauka. Mmoja akaanza kucheka, kile kicheko cha kuponea, akajiziba mdomo. Tatu alinishika mkono, akanibana kwa kucha, hakuniita Mtoto wa Mjini. Mama alikuwa amesimama na bangili mbili kiganjani. Akazitazama. Hakujua azifanyeje. Kuzivaa tena mbele ya watu wale hakuweza, na kutozivaa hakukuwa na sababu. Mwisho alizifunga kwenye pindo la kanga, fundo moja, fundo la pili, na damu kidogo ya mkono wake ikashika kanga.

Nilisubiri anipige. Ningeshukuru. Hakunipiga, wala hakuniangalia. Alikuwa anamtazama pomboo.

Ngalawa ilirudi, Makame akaruka majini kabla haijagusa mchanga. "Haji, lete chusa. Huyu leo hatukimbizani naye. Hamwachi mtoto wake, utamchoma kama unachoma mshikaki. Papa wa wiki nzima hawa."

Mjomba alikwisha ushika mpini wa chusa.

"Kaka," mama alisema.

Haikuwa sauti ya juu. Nilikuwa sijaisikia sauti yake yenye nguvu tangu mjini.

"Huyo mwacheni."

"Zuhura, hiki ni chambo. Tangu juzi tunatoa ndoana tupu. Watoto wanakula nini?"

"Nnajua wanakula nini, mimi ndiye ninayepika. Mwacheni."

"Bi Zuhura," Makame alisema, kwa heshima, "yule mtoto keshaoza kesho. Mama mwenyewe hana akili, hajui kitu. Tukimwacha anachukuliwa na papa bure, na sisi hatupati."

"Basi wachukue papa. Lakini nyinyi msimguse mpaka amalize."

"Amalize nini?"

Mjomba alimtazama dada yake, akatazama pindo la kanga lililofungwa mafundo, akakichomeka chusa kwenye mchanga. "Umesikia," akamwambia Makame. "Kavute ngalawa." Makame alinung'unika kwamba sasa wanatawaliwa na mbuzi wa baharini, lakini alinung'unika huku akivuta.

Nilidhani mama alimwonea huruma. Kwa miaka mingi niliandika hivyo kichwani mwangu: mama alikuwa na huruma. Sasa nadhani kulikuwa na jambo alilotaka kulijua.

Siku zilizofuata alikwenda pwani kila maji yalipojaa. Nilikaa nyuma yake, mbali kidogo, kwa kuwa sikujua kama nimesamehewa. Pomboo hakuondoka katika ghuba ile. Alimwinua mtoto kwa pua, akamshika kidogo juu ya maji, mtoto akateleza, akazama kumfuata. Kitabu changu kinasema kwamba mtoto wa pomboo akizaliwa, mama yake humpeleka juu avute pumzi ya kwanza, maana pumzi ya pomboo haiji yenyewe. Kazi ya mwanzo ya mama ni hiyo. Basi yule alikuwa bado yupo kwenye kazi ya mwanzo. Alikuwa akimleta mtoto penye hewa, akisubiri apumue, na asipopumua anadhani labda hakumfikisha juu vya kutosha. Niliwaza hivi peke yangu, sikulisoma popote, na sina hakika. Lakini mimi ni mtu wa kurudia ukurasa mzima kwa herufi moja, naelewa kurudia.

Wenzake walimzunguka. Sikumwona akila. Mtoto alibadilika rangi, ngozi ikaanza kubambuka kama rangi ya mlango wa zamani, na upepo ukituelekea tuliisikia harufu. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza waliacha kupita upande ule. Walianza kusema pia. Niliwasikia kisimani: dada yake Haji kapagawa, anaangalia mzoga, anawanyima watu riziki. Mjomba alirudi na papa mdogo mmoja, halafu bila ya kitu. Nyumbani tulikula muhogo na chumvi. Hakumlaumu mama, na kutolaumiwa kulijaa chumba chote.

Siku ya mwisho nilikuwa pale. Mama alikuwa amekaa kwenye jabali, mimi nyuma. Pomboo alimwinua mtoto, au kilichobaki, akakiacha kiteleze, akakifuata. Akatokea nacho. Akakiacha. Safari hii hakuzama mara moja. Alibaki juu ya maji, tukaisikia pumzi yake, ile sauti ya mtu anayepuliza moto usiowaka. Akapumua tena. Mzoga ulikwenda chini pole pole, rangi yake ikafifia kwenye maji ya kijani, na yeye hakuufuata. Alibaki pale pale muda, akizunguka mahali pasipokuwa na kitu. Kisha akaelekea nje walikokuwa wenzake, pezi lililomeguka likionekana na kupotea, na sikuweza kutimiza sharti langu la kumwona akitokea kwa mara ya mwisho, kwani mama alikuwa amesimama.

"Umeona?" aliniuliza. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

"Naam, mama."

"Alimwacha mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumwambia kafa."

Sikuelewa. Nikasema kitu cha kipumbavu, nikasema labda alichoka tu. Mama akafikiri juu ya hilo kwa dhati, kama ananipa haki yangu. "Labda," alisema. "Na kuchoka nako ni kujua."

Jioni alimwambia mjomba, "Kaka, kesho nipeleke mjini kwa kadhi."

"Atakwambia yale yale. Usubiri."

"Na aniambie. Miaka yake nitaikaa. Lakini nataka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba mume wangu kafa, mimi nimeshajua, na kuanzia kesho ninachosubiri ni sheria, simsubiri yeye."

Mjomba akasema, "Haya." Tatu aliyekuwa akiosha vyombo aliacha kuosha.

Ikawa hivyo. Kadhi alimwambia asubiri na mama akasubiri, lakini kwa namna nyingine: alilala. Niliposhtuka na pumzi zangu za kukusudia nilimkuta amelala ubavu, mdomo wazi, anakoroma kidogo, na siku moja nikagundua kwamba asubuhi imefika na sikuhesabu pumzi hata moja. Miaka ilipotimia, alikaa eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba kimoja, nguo nyeupe, kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona maiti wala kumpigia takbira mbele ya jeneza. Watu walikuja kutoa pole wakiwa wamekwisha sahau machozi yanatoka wapi. Makame alileta papa mzima mabegani, akamweka mlangoni, akasema, "Mwambieni Bi Zuhura huyu hakula mbuzi wa baharini." Nikamsikia mama, ndani, akicheka.

Bangili hakuzivaa tena. Alizifungua kwenye pindo siku ya harusi ya Tatu, akamvisha.

Pomboo yule sikumwona tena. Miezi kadhaa baadaye walileta jike mmoja kwenye mashua, na nilikuwa juu ya jabali nikiwaona wakimshusha. Ningeweza kwenda kulitazama pezi. Hilo lilikuwa jambo moja ambalo ningeweza kulihakikisha kabisa, bila ya kidole gumba, kwa mkono wangu. Sikwenda. Nilimwuliza Makame tu, naye akasema mapezi yao wote yana mikato, wanaumana wao kwa wao. Mpaka leo sijui, na kutojua huko ni kitu kimoja katika maisha yangu ambacho nimekiacha bila ya kukirudia.

Sasa tunaishi mjini tena, Kikwajuni. Mama anaamka alfajiri kushika foleni ya mchele, na akirudi hulala mchana kama mtu mwenye haki ya kulala. Baba hajarudi, wala hakuna barua, na zile habari mbili hakuna tena anayetuletea hata moja.

Zamani, nikisikia harufu ya sifa nilikuwa nageuka, popote nilipo, kutazama nani anakuja. Wiki iliyopita pale Malindi harufu ilinijia kwa nyuma, nzito, na nyuma yake zikaja hatua za mtu. Nilisimama. Sikugeuka. Mtu yule akanipita na nyundo yake ya mti begani, nikamsalimu, nami nikapeleka bahasha.